Hilux 22R ya kabureta inazima ikipanda mlima na mzigo

MzigoMzito
Wakuu, habari zenu. Nina Hilux ya miaka ya 80, injini 22R, kabureta yake ya asili. Asubuhi inawaka vizuri, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) imetulia, mjini haina shida. Ikibeba mzigo na kupanda mlima kama Kitonga inaanza kushtuka-shtuka, nguvu zinaisha, inazima. Ukiiacha dakika kumi inawaka, inakwenda kidogo, inarudia. Plagi na filta ya petroli ni mpya. Fundi anasema tubadilishe kabureta nzima. Nianzie wapi?

Sindano
Mkuu, kabureta usinunue kwanza. Hujajua bado kama ni petroli au umeme, maana koili (inayotoa umeme wa cheche za plagi) mbovu ikipata moto nayo inazima gari, ikipoa inawaka.

Kabureta hiyo ina kioo kidogo ubavuni, kwenye bakuli la floti (boya linalopima petroli ndani ya kabureta). Gari ikizima usipige stata. Fungua boneti uangalie kioo. Petroli ikiwa kwenye alama, mafuta yapo, kamata koili. Kioo kikiwa kitupu, mafuta hayafiki. Hapo hapo fungua mfuniko wa tanki: ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu ndani, tundu la kupumulia limeziba na pampu inashindwa kuvuta.

Mjini huoni tatizo kwa sababu sailensa inakula mafuta kidogo sana, hata njia iliyoziba nusu inatosha. Mlimani bakuli linaisha haraka kuliko linavyojazwa. Ukisimama, linajaa taratibu.

Diafram
Naongezea upande wa pampu. Kwenye 22R iko kwenye silinda hedi, inasukumwa na kemu (shafti inayofungua valvu), ina midomo mitatu: wa kuingiza, wa kwenda kabureta, na wa kurudisha tankini. Chomoa waya wa + wa koili isitoe cheche, injini iwe imepoa, elekeza mpira wa kabureta kwenye chupa, mwenzako apige stata. Petroli iruke kwa mapigo yenye nguvu. Ikitiririka kinyonge, pampu imechoka au njia ya kuja kwake imebana; ikija na mapovu, kuna hewa inaingia kabla ya pampu.

Nusa na kijiti cha oili. Kikinuka petroli na oili imepanda, diafram (utando wa mpira) ya pampu inaweza kuwa imechanika. Usiendeshe hivyo, oili nyepesi inaua beringi.

Na ukishauriwa kufunga pampu ya umeme, isiwe ya gari la EFI (lisilo na kabureta, linalopuliza petroli kwa umeme). Kabureta hii inataka presha ya kama psi 3 hadi 4. Ya EFI inatoa 40 na zaidi, itaishinda sindano ya floti (inayofunga petroli bakuli likijaa) na petroli itamwagika juu ya injini ya moto.

MzigoMzito
Mrejesho: ilipozima kioo kilikuwa kitupu. Mfuniko hauvuti hewa. Chupani inakuja kinyonge na mapovu. Oili safi.

Sindano
Sasa tenga tanki na pampu. Chukua dumu safi la lita 5, lifunge vizuri kwenye bodi mbali na ekzosi, mpira mpya wa petroli kutoka humo moja kwa moja hadi mdomo wa kuingiza wa pampu. Panda kilima kifupi na mzigo. Ikienda bila kusita, pampu na kabureta ni wazima, ugonjwa uko nyuma.

Huko nyuma anza na mipira, hasa vipande vifupi juu ya tanki visivyoonekana. Mpira wenye nyufa unavuta hewa bila kudondosha tone, kwa sababu upande huo mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Mwingine unalainika kwa ndani na kujibana ukivutwa, nje ukiuona mzima. Badilisha yote pamoja na klipu. Kisha toa filta, fungua mfuniko wa tanki, puliza bomba kutoka mbele kurudi nyuma kwa upepo mdogo. Ukisikia tanki linabubujika vizuri, njia iko wazi. Gari ikipona siku mbili tatu halafu ikarudia, kutu na chenga zimerudi kwenye chujio la ndani ya tanki, hivyo lishushe ulioshe. Filta mpya ifunge mwishoni, mshale uelekee pampu.