Mrejesho: programu ya kusimamia mtandao, Moshi
Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuishawishi menejimenti ya kampuni yetu ya intaneti hapa Moshi igharamie maboresho ya programu ya kusimamia mtandao. Nilifuata ushauri wenu wa kuanza na tahadhari za hitilafu: umeme ukikatika kwenye mnara wa Marangu, minara yote inayoutegemea nayo hupiga kelele, na zamu ya usiku hujikuta ikisoma lundo la ujumbe kuhusu tatizo lile lile. Sasa programu inatambua mnara upi unategemea upi, hivyo hufungua tiketi moja, yaani taarifa moja ya tatizo la kushughulikiwa, na fundi hapandishwi mlimani bure. Mhasibu, ambaye michoro ya mtandao haimhusu kabisa, alikubali alipoona matumizi ya mafuta ya gari yamepungua. Kilichobaki ni kuoanisha orodha ya vifaa na ankara, kwa kuwa wapo wateja waliohama ambao laini zao bado zinashikilia nafasi kwenye vifaa.