Benchi, mti au ukuta wa majina: kumbukumbu za wakazi kwenye bustani ya mtaa

Mratibu_Bustani
Wakuu, habari zenu. Kamati ya bustani ina maombi ya familia kadhaa zinazotaka kuwakumbuka wazee wa mtaa: wengine benchi lenye kibao cha jina, wengine mti. Idhini ya mwenye ardhi ipo. Kibao kiwe cha nini, benchi lisimamishwe vipi, na majina yakiongezeka yakae wapi?

Fundi_Vyuma
Shaba ya njano inapendeza siku ya uzinduzi. Baadaye inafifia, inataka kusuguliwa kila mara, na wezi wa vyuma chakavu wanaijua bei yake. Chukua stenlesi (chuma cha pua) ya daraja la 304, unene mm 1.5 hadi 2. Karibu na bahari iwe ya daraja la 316, kwa sababu chumvi huitia 304 madoa ya kutu. Maandishi yachimbwe ndipo yajazwe rangi. Yaliyochapishwa juu juu huliwa na jua.

Kibao cha sm 15 kwa 5 chenye herufi za mm 8 kinabeba mistari mitatu, herufi 18 hivi kila mstari. Familia italeta shairi zima. Kataa mapema.

Skrubu nazo ziwe stenlesi, za kichwa kisichofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Ukiweka za kupakwa zinki, zinki inaliwa haraka pale inapogusana na stenlesi penye unyevu, na michirizi ya kutu inashuka juu ya mbao. Matundu ya kibao yazidi skrubu kwa mm 1, maana mbao huvimba na kunywea. Yakibana sana, kibao kinapinda katikati.

Mwashi
Msingi: kila mguu shimo la sm 30 kwa 30, kina sm 50. Chini kokoto sm 5 zilizoshindiliwa, halafu zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne). Mashimo manne yanakula kama mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Uso wa zege uinuke kidogo juu ya ardhi na uwe na mteremko, maji yasituame.

Usizike mguu wa mbao ndani ya zege, utaoza pale pale ardhi inapoanzia. Tumia bolti za mm 12 zilizozama sm 10 au zaidi, na uzipange kwa kiolezo: kipande cha ubao kilichotobolewa kufuata matundu ya miguu. Ukizipanga kwa macho, siku ya kufunga mguu mmoja utagoma. Mwagilia zege siku 7 kabla ya kufunga benchi.

Pembeni acha sm 90 za sakafu ngumu kwa kiti cha magurudumu. Hili husahaulika karibu kila mara.

Mpanda_Miti
Kwa mti, shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Sehemu shina linapotanuka kuwa mizizi ionekane juu ya ardhi. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu ikatwe, la sivyo itakuja kulinyonga shina. Matandazo (majani makavu ya kufunika udongo) sm 5 hadi 8, yasiguse shina.

Kibao kisipigiliwe mtini, tafadhali. Msumari unafungua jeraha, na gome linakua hadi kukimeza. Kiweke kwenye kijiguzo chake, mita moja kutoka shinani.

Mratibu_Bustani
Asanteni sana. Na mti ukifa? Na ukuta wa majina?

Mwashi
Ukuta uwe wa vigae vidogo, jina moja kigae kimoja. Ukikosea jina kwenye bamba moja kubwa, unalipia bamba zima. Panga kwa kufuata tarehe ya kuwekwa. Ukifuata alfabeti, kila jina jipya litavuruga mpangilio. Kama ni marumaru, silikoni ya kubandikia iwe ile isiyo na asidi. Inayonuka kama siki hula jiwe.

Mpanda_Miti
Mti ukifa, mkataba ndio unaoamua. Andikeni muda, kwa mfano miaka 10 inayoweza kuongezwa, na nani analipia mti wa pili. Familia isaini nakala ya maandishi kabla hayajachongwa, wakikagua tahajia na miaka. Kwenye daftari chukueni simu za ndugu wawili, kwa sababu miaka 10 ikiisha ile ya kwanza mara nyingi haipatikani.