Mwanangu kapewa sifuri kwa kuandika "Asilisaurus kongwe", eti katunga jina!

Wakuu, naandika hasira bado ziko juu, mnivumilie.

Binti yangu yuko darasa la sita, shule moja ya kulipia huku Mbagala. Walipewa kazi ya nyumbani: chagua mnyama wa kale, mchore, mweleze. Waliochora Tyrannosaurus wote wamepata. Yeye kamchora Asilisaurus kongwe. Daftari limerudi na sifuri, pembeni wino mwekundu: "Hakuna mnyama huyu. Usitunge majina ya Kiswahili."

Usitunge?! Jina hilo wamelitoa wanasayansi, akina Sterling Nesbitt, kwenye jarida la Nature mwaka 2010. "Asili" na "kongwe" wamevichukua kwenye Kiswahili kwa makusudi, maana mifupa yenyewe imetoka hapa hapa kwetu, bonde la mto Ruhuhu, kule kusini upande wa Ziwa Nyasa. Na si jino moja la kubahatisha. Ni mabaki ya wanyama wasiopungua 14!

Binti aliyaandika yote hayo. Kwamba huyu ni mtambaazi, ndugu wa karibu sana wa dinosaria. Alitembea kwa miguu minne, mkia mrefu, kimo hakizidi mita moja, uzito kilo 10 hadi 30. Ncha ya taya la chini imechongoka kama mdomo wa ndege, na hata hiyo kaichora vizuri kabisa. Waliomtangaza walikadiria aliishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita, kipindi cha Triasiki. Umeme ulikatika tukiwa katikati ya kazi, tukamalizia kwa tochi ya simu.

Alama zinaniuma, lakini kuna kilichoniuma zaidi. Mtoto kaniuliza, "Baba, kwa hiyo mnyama akiwa na jina la Kiswahili ni wa uongo?"

Nimempigia mwalimu, kasema kwenye kitabu chao hayupo, basi. Mwalimu mkuu hapokei simu.

Jumatatu saa moja asubuhi nipo getini, makala ya hao wanasayansi nimeshaichapisha stesheni. Nataka alama zirudishwe, na mwalimu aseme kakosea mbele ya darasa lile lile lililomcheka mwanangu. Wakinizungusha naenda kwa afisa elimu kata. Kuna mzazi humu aliyewahi kufika huko kwa jambo kama hili? Niandike barua kwanza au niende tu na daftari?