IST inalia ta-ta-ta tairi la mbele nikikata kona, beringi imeshabadilishwa

MamaMaziwa:
Wakuu, habari za jioni. Kila alfajiri nashusha maziwa na IST yangu kutoka Machame hadi Moshi mjini. Wiki mbili sasa upande wa mbele kushoto unalia ta-ta-ta. Barabara ikinyooka, kimya. Nikirudi, nikikata kulia pale njia panda ya Machame na kukanyaga mafuta nipande, ndipo inalia hadi watu wanageuka. Fundi alisema beringi. Nimelipa, imebadilishwa, sauti iko palepale. Naogopa tairi lisije likachomoka njiani. Ni nini hii?

FundiKijenge:
Pole dada. Beringi huunguruma, na mngurumo hupanda na mwendo hata ukiwa umenyoosha. Hiyo yako ni sivijointi ya nje, kile kiungo cha shafti upande wa tairi kinachopeleka nguvu ya injini hata tairi likikata kona. Ndani yake mna gololi sita zinazotembea kwenye mifereji. Buti, yaani mpira unaoifunika, likichanika, grisi inatoka, vumbi na matope vinaingia, mifereji inalika. Ukinyoosha, gololi hazisogei sana. Ukikata kona huku umekanyaga mafuta, zinagonga palipolika.

Pima hivi: tafuta uwanja, kata usukani wote kulia, zunguka taratibu huku unaongeza mafuta kidogo. Halafu kushoto. Ikilia ukikata kulia, mara nyingi mbovu ni ya kushoto. Kisha zima gari, vuta hendibreki, chungulia nyuma ya rimu. Ukikuta grisi nyeusi imerukia huko, jibu unalo.

Njiro_B:
Kabla ya yote kaza nati za tairi, leo hii. Limefunguliwa juzi kwa ajili ya beringi, na nati zikilegea nazo hulia.

MamaMaziwa:
Asanteni sana. Nati moja ilikuwa imelegea, nimekaza, ila sauti ipo. Buti limechanika karibu nusu, grisi imefika hadi kwenye shokapu. Nikiweka buti jipya na grisi tu haitatosha? Hela imeishia kwenye beringi.

FundiKijenge:
Ingetosha kama lingechanika na jointi haijaanza kulia. Chuma kikishalika, grisi hairudishi. Nunua jointi ya nje peke yake, si lazima shafti nzima. Nenda dukani na ile ya zamani wahesabu meno, maana zinatofautiana. Na siku hiyohiyo fundi achungulie buti la kulia. Likiwa limeanza kupasuka, hilo bado unaliwahi kwa bei ya mpira na grisi.