Wadau mlioko Uingereza, wakili wa kununulia nyumba mnampataje?

Mbongo_Coventry:
Habari za jioni wakuu. Baada ya kupanga miaka na miaka, mimi na mama watoto ofa yetu imekubaliwa, nyumba ya terasi hapa Coventry, pauni 285,000, frihodi (nyumba na ardhi yake vyote vinakuwa vyetu). Sasa dalali hanipi pumzi, kila siku simu, anataka jina la wakili na anasema nikichukua wa kwao mambo yataenda chapchap. Wa kwao kwoti yao ni 1,750 bado VAT. Mtandaoni naona wengine wanatangaza 499. Halafu kuna wakili Mbongo mwenzetu alitushughulikia viza ya wife vizuri sana, mtu safi, nikawa nawaza nimpe tu yeye. Dipoziti ipo, nyingine akiba, nyingine mchezo wa kina mama, nyingine bro wangu yuko Dar kanichangia. Nimchukue nani na nimuulize nini kabla sijasaini?

BintiPangani:
Hongera kaka! Huyo dalali hana uchungu na wewe, anapata chake kwa kukupeleka kwa huyo wakili. Muulize kwa maandishi analipwa shilingi ngapi kwa kukupeleka huko, anatakiwa akwambie, uone atakavyopunguza simu. Na hawezi kukulazimisha.

Fundi_wa_Mafaili:
Mkuu mimi si wakili ila nashika mafaili ofisi ya mawakili wa nyumba, acha nikupe ya ndani. Wa viza mshukuru, mpelekee pilau, lakini nyumba usimpe kama hiyo sio kazi yake ya kila siku. Unayemtaka ni solisita (wakili) aliyesajiliwa SRA, wasimamizi wa masolisita, au konveyansa (mtaalamu wa kuhamisha umiliki wa nyumba) mwenye leseni ya CLC, wasimamizi wa makonveyansa, wote wawili wanaruhusiwa, na majina yao unayatafuta mwenyewe kwenye tovuti za hizo taasisi. Halafu kitu watu wanasahau, piga simu benki inayokukopesha uulize kama huyo wakili yuko kwenye paneli yao, yaani orodha ya mawakili wanaowakubali, maana akiwa hayupo benki itaweka wa kwake na utalipia wawili.

Hiyo 499 usiifurahie. Ni bei ya mlangoni. Ukiingia unakuta ada ya kuhakiki kitambulisho, ada ya kutuma hela benki, ada ya kujaza fomu ya ushuru wa stempu (kodi ya kununua nyumba), ada ya "dipoziti ya zawadi" (hiyo ya bro wako hiyo), sachi (uchunguzi wa kumbukumbu za nyumba) za halmashauri na maji na mazingira, Land Registry (masijala ya ardhi), na VAT asilimia 20 juu ya ada za wakili. Omba kwoti moja yenye kila kitu mpaka senti ya mwisho, na uwaambie mapema hela ya zawadi ipo, ndio ulinganishe. Bei wanatakiwa kuweka wazi kwenye tovuti zao tangu Desemba 2018, anayezungukazunguka kwenye bei achana naye. Na swali langu la kwanza siku zote huwa ni hili: faili langu atalishika nani, nampata kwa simu moja kwa moja au naongea na kol senta? Hapo ndipo utajua unanunua nini.

Mwisho, hela ya mchezo. Watakuuliza imetoka wapi, sheria ya utakatishaji fedha haiwaachi. Kwetu mchezo ni kitu cha kawaida, wao wanaona tu hela za watu kumi tofauti zinaingia akaunti yako mwezi mmoja. Andaa stetimenti za miezi 6 na karatasi inayoonyesha nani alitoa kiasi gani na zamu yako ilikuwa lini. Kama ilipita mkononi keshi, mwambie wakili SASA, usingoje wiki ya kubadilishana mikataba, pale mnapofungwa kisheria.

Mbongo_Coventry:
Daah asante sana mkuu. Kumbe hata mchezo! Kwa kuwa ni nyumba yetu ya kwanza nilisikia ushuru wa stempu ni sifuri, hiyo iko sawa?

MamaNuru_Reading:
Shemeji subiri kidogo. Nyumbani Tanzania hamna nyumba kwa jina lako au la mkeo?

Mbongo_Coventry:
Ipo dada, Mbezi, imeisha ina wapangaji. Jina langu. Lakini hiyo si iko Bongo?

MamaNuru_Reading:
Ndio hapo sasa. Mnunuzi wa kwanza maana yake hujawahi kumiliki nyumba ya kuishi POPOTE duniani, na mkinunua wawili mnatakiwa wote muwe hivyo. Kwa hiyo msamaha wa mpaka 300,000 haukuhusu. Na kama sehemu yako kwenye hiyo ya Mbezi ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, hii ya Coventry inahesabiwa nyumba ya ziada, asilimia 5 juu. Nimepiga hesabu kwa viwango vya sasa, ya kawaida 4,250, ukijumlisha na hiyo ya ziada jumla inafika 18,500. Kiwanja kitupu hakihesabiwi, ila yako ina wapangaji. Ukweli wote kwa wakili kabla hajakupa kwoti, na muulize kama ameshashughulika na wateja wenye mali nje. Akisitasita ni dalili.

Mbongo_Coventry:
😳😳 18,500?? Hapa kuna kikao leo usiku.

Kasuku_Leicester:
Poleni. Sisi tulinunua kwa benki ya Kiislamu, kule benki inanunua nyumba halafu inakukodisha na wewe unaongeza hisa pole pole, kwa hiyo wakili asiyeijua anahangaika na makaratasi. Kama unafikiria njia hiyo uliza mapema.

Omosh_MK:
Na mimi nidandie hapa, yangu fiksi (riba isiyobadilika) inaisha mwakani, nahamisha mkopo. Nahitaji wakili?

Fundi_wa_Mafaili:
Ukibaki benki ile ile ukachukua dili jipya tu, huhitaji. Ukihamia nyingine, benki nyingi zinakupa wakili wa bure, lakini huyo anafanya kazi ya benki na foleni yake ni ndefu, anza miezi kadhaa kabla usije ukaangukia riba ya kawaida ya benki, ambayo mara nyingi iko juu. Ukitaka kuongeza au kutoa jina la mtu kwenye hati, hapo chukua wako.

BintiPangani:
Jamani na wezi wa imeli! Ukipata ujumbe eti akaunti ya wakili imebadilika, usitume kitu. Piga namba uliyopewa siku ya kwanza, sio iliyo kwenye hiyo imeli.

Mbongo_Coventry:
Nimewasoma wote. Moja tu, barua ya bro ya kuthibitisha ile hela ya zawadi, aandike Kiswahili?

Fundi_wa_Mafaili:
Kizungu, iseme ni zawadi, hadai kurudishiwa wala hana hisa kwenye nyumba, na aambatanishe kitambulisho na stetimenti yake. Benki nyingine zina fomu yao, mwambie wakili akuulizie kwanza.