Naomba ushauri, siasa zinatugawa kwenye kikundi cha maombi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Niko Kirumba hapa Mwanza, naongoza kikundi cha maombi cha mtaani, wengi ni akina mama wauza dagaa na vijana wa mwaloni. Tangu habari za uchaguzi zianze upendo umepoa kabisa. Juzi mzee mmoja kaomba huku anataja chama chake, dada mmoja hakuitikia amina, akachukua Biblia yake akatoka, na mpaka leo wakikutana sokoni hawasalimiani, watu waliokuwa wanakopeshana mtaji wa dagaa jamani, inaniuma sana.

Nimepiga marufuku siasa kwenye grupu la WhatsApp, zikahamia inbox. Nikawasomea 1 Timotheo 2, tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka, wakaitikia ila kila mtu alisikia upande wake. Wengine wanasema tunyamaze tu, mimi sikubali, kura inagusa maji na hospitali zetu wote.

Sasa naulizeni, tuuombeeje uchaguzi pamoja bila mtu kuona chama chake kinasemwa? Na hawa wawili niwakalishe pamoja, au kwanza nimwambie kila mmoja amfuate mwenzake wakiwa peke yao kama Mathayo 18?