Nina makao ya wazee hapa Nakuru, vitanda 9, na mkopo umenifika shingoni. Nifunge?

Nesi_Kiamunyi:
Hamjambo wote. Naomba mnisomee hadi mwisho juu hii kitu imeninyima usingizi. Mimi ni nesi mstaafu. Nilipotoka kazini nikakodi nyumba kubwa huku Kiamunyi nikaweka vitanda 9, nichukue wazee na pia wale wametoka hospitali lakini hawajapona vizuri, yaani mtu amevunjika nyonga ama amepigwa na stroki upande mmoja, hospitali inamruhusu juu kitanda kinahitajika, na nyumbani hakuna mtu wa kumwinua. Kazi naipenda sana. Pesa ndio inaniua.

Sa hii niko na watu 6, kila mmoja 35,000 kwa mwezi, bei moja. Nyumba 45,000, walezi 5 wa zamu ya mchana na usiku kila mmoja 15,000, nesi 30,000, chakula 42,000, daipa na glavu 24,000, stima, maji na gesi 18,000. Mimi sijilipi kitu. Sasa kuna mzee mmoja wa miaka 78, familia imeacha kulipa, miezi 4, imefika 140,000. Watoto ni watano. Ukipigia kifungua mimba anakuambia uliza wa Qatar, wa Qatar anasema alitumia dada yake wa Eldoret pesa, dada hashiki simu. Ile 2,000 ya Inua Jamii, pesa ya serikali ya wazee kila mwezi, inamnunulia daipa za nusu mwezi tu. Na mzee mwenyewe kila jioni anauliza kama kuna mtu amepiga. Siwezi kumweka nje ya geti. Lakini nimechukua mkopo wa sako mara mbili kulipa mishahara. Nifanye aje?

Mtoto_wa_Busia:
Kwetu mzazi halelewi na watu baki. Warudishie baba yao.

Mhesabu_Lanet:
Pole sana madam. Nimekaa na hizo namba zako nikapiga hesabu mara mbili. Matumizi yako ni 234,000. Watu 6 mara 35,000 ni 210,000. Kumaanisha hata kama huyo mzee angelipwa kila tarehe 1 bado ungepungukiwa na 24,000 kila mwezi. Yeye amekuumiza, ndio, sasa unapungukiwa na 59,000, lakini hasara ilikuwepo kabla familia yake iache kulipa. Angalia tena, mtu mmoja akiongezeka anakula kama 7,000 na daipa 4,000, nyumba na mishahara inabaki pale pale, kwa hivyo anakuachia 24,000. Mtu wa saba anayelipa ndio anakufikisha sufuri, wa nane ndio anaanza kukupatia kitu. Na hapo sijui kama umeweka NSSF ya mwajiri, yaani mchango wa pensheni ya wafanyakazi, na ile 1.5% ya mshahara ya ushuru wa nyumba. Kama hujaweka, 35,000 ni bei ya kukufilisi. Na ujiwekee mshahara kwa hesabu hata kama hutauchukua, juu siku ukiugua itabidi ulipe mtu wa kusimama hapo.

Nyar_Mamboleo:
Dada mimi pia ni nesi, niko Kisumu. Hiyo bei moja ndio iache kwanza. Mzee anatembea na fimbo na anajilisha huwezi kumlipisha sawa na mtu wa kugeuzwa kila masaa mawili asipate vidonda vya kulalia, mtu wa kulishwa kwa mrija, wa kubadilishwa daipa mara tano kwa siku. Huyo anachukua mikono ya walezi wawili. Mpime kila mtu siku anaingia, anatembea? anakula mwenyewe? choo je? anakumbuka? anazunguka usiku? Umpangie bei kulingana na hiyo, na baada ya mwezi umpime tena, juu mtu wa stroki akipata fizio, yaani mazoezi ya viungo, mapema anaweza kuanza kusimama na bei ishuke, familia waone pesa yao imefanya kitu.

Halafu angalia leseni yako. Mirija na oksijeni ni uuguzi, hakikisha KMPDC, baraza linalopatia vituo vya afya leseni, wanakutambua kwa hiyo kazi. Na familia wakikuuliza kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, waambie ukweli siku ya kwanza: tangu ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024 inalipa matibabu kwa vituo vyenye leseni na mkataba nayo, kulala na kulishwa kwa makao ni mfuko wao.

Kijana_Webuye:
@Mtoto_wa_Busia mimi nilimpeleka mama kwa makao kama haya baada ya stroki, na nampenda. Mimi na wife tunatoka saa kumi na moja asubuhi. Ningemwachia nani, msichana wa kazi wa miaka 19 amwinue peke yake? Mama alikaa miezi 3 akarudi akitembea.

Madam, wacha nikuambie venye ilikuwa kwetu. Tuko watoto wanne na tulikuwa tunachelewa kulipa si kwa ubaya, kila mmoja alidhani mwingine ameshatuma. Yule mama mwenye makao akatuita, akasema anataka mtu mmoja asaini, ijulikane ni yeye atadaiwa, sisi wengine tuchangishane wenyewe huko kwetu. Nilisaini mimi. Hatukuchelewa tena. Chukua pia dipoziti ya mwezi mmoja.

Wakili_Njoro:
Kwa ile 140,000: Korti ya Madai Madogo inachukua kesi hadi milioni 1, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka imalizwe ndani ya siku 60. Lakini kabla ya hapo waandikie barua, wote watano, tarehe na kiasi. Waambie pia Katiba Kifungu cha 57 kinasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Weka jumbe zote za M-Pesa na WhatsApp.

Nesi_Kiamunyi:
Mungu awabariki, nimelia kidogo nikisoma. Hiyo hesabu ya Lanet imenishtua, miezi yote nimekuwa nikimlaumu mzee wa watu moyoni. Bei mpya naanza na mgonjwa wa nyonga anayeletwa wiki ijayo, hawa wengine nitawapatia notisi ya mwezi. Barua nimeandika usiku huu. Yule binti wa Eldoret ameshika simu hatimaye, anakuja Jumamosi. Nimemwomba kitu kimoja kabla ya mambo ya pesa, akae na baba yake saa nzima kwanza.